MRIJA WA KITAMBAA: MICHAEL DEBAKEY NA UPASUAJI WA MISHIPA YA DAMU

UTANGULIZI

Mwili wa binadamu umejengwa kwa vitu vilivyo hai. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba sehemu yake iliyoharibika haiwezi kuzibwa kwa kitu kisicho na uhai. Hata hivyo, tangu miaka ya 1950 watu wengi sana wameishi na kipande cha kitambaa mahali palipokuwa na mshipa wao mkubwa kabisa wa damu. Kitambaa hicho ni poliesta, jamii ya nyuzi zitumiwazo kutengenezea mashati na mapazia.

Makala haya yaeleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana kwa kuangalia maisha na utafiti wa Dakta Michael DeBakey, mpasuaji na mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani. Mwanafunzi asomapo habari hizi azingatie jambo moja: nguvu za uzi peke yake zisingetosha. Kitambaa kilifaulu kwa kuwa mwili wenyewe hukimalizia kazi, na ukweli huo ulipatikana kwa kutazama, kupima na kusubiri miaka mingi.

1. ATERI NA MARADHI YAKE

Mishipa ipelekayo damu kutoka moyoni huitwa ateri, na ile irudishayo damu moyoni huitwa vena. Ateri kubwa kuliko zote ni aota. Hutoka katika ventrikali ya kushoto ya moyo, hupinda kama kipini cha mwavuli, kisha huteremka kifuani na tumboni mbele ya uti wa mgongo. Karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, kila tawi likaelekea mguu mmoja. Kipenyo cha aota tumboni mwa mtu mzima ni kama sentimita 2.

Maradhi makuu ya ateri ni ya namna tatu:

(a) Kuziba. Mafuta ya aina ya kolesteroli, pamoja na seli na chokaa, hujikusanya ukutani na kuibana njia ya damu. Uvutaji wa sigara, ugonjwa wa kisukari na shinikizo la juu la damu huharakisha jambo hili.

(b) Kutanuka. Ukuta hudhoofika mahali fulani ukatokeza uvimbe, mfano wa mpira wa ndani wa baiskeli uliolika upande mmoja. Upepo ukijazwa, mpira huo hufura mahali pale palipolika.

(c) Kuchanika. Tabaka la ndani la ukuta wa aota hupasuka, damu ikajipenyeza katikati ya matabaka na kuyatenganisha. Mgonjwa hupatwa ghafla na maumivu makali ya kifua au mgongo.

Kwa nini uvimbe ukishaanza huelekea kuzidi kukua? Kanuni ya fizikia yatoa jibu. Katika mrija wenye ukuta mwembamba, mvuto uliomo ukutani ni sawa na kanieneo iliyomo ndani ikizidishwa kwa nusu kipenyo. Tuchukue kanieneo ya damu kuwa kilopaskali 16, yaani milimita 120 za zebaki. Aota yenye nusu kipenyo cha sentimita 1 hubeba mvuto wa nyutoni 160 kwa kila mita. Ikitanuka hata nusu kipenyo kikawa sentimita 3, mvuto huwa nyutoni 480 kwa kila mita. Kanieneo haikubadilika, lakini ukuta ambao sasa ni dhaifu zaidi unabebeshwa mzigo mara tatu. Ukipasuka, damu humwagika tumboni, na wengi wa wagonjwa hufariki kabla ya kufika hospitali.

2. TATIZO LILILOWASHINDA WAPASUAJI

Mwanzoni mwa karne ya ishirini ufundi wa kuunganisha mishipa ulikuwa umekwisha kupatikana. Mwaka 1902 Alexis Carrel, Mfaransa wa mji wa Lyon, alieleza namna ya kushona ncha mbili za mshipa kwa uzi mwembamba pasipo kuibana njia ya damu. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912.

Sindano ilikuwepo, kilichokosekana ni kiraka. Mpasuaji akiisha kukata sentimita kumi na tano za aota iliyofura, ncha mbili zinazobaki haziwezi kuvutwa hata zikutane. Hapana budi kitu fulani kiwekwe katikati. Mwezi Machi 1951, mjini Paris, Charles Dubost aliondoa uvimbe wa aota ya tumboni na kuweka mahali pake ateri iliyotolewa katika mwili wa mtu aliyekufa. Mwaka uliofuata, upasuaji wa namna hiyo ulifanywa mjini Houston na DeBakey pamoja na mwenzake Denton Cooley.

Jambo hilo lilithibitisha kwamba aota yaweza kubadilishwa. Hata hivyo ateri za maiti hazikuwa jibu la kudumu. Zilikuwa adimu, zilihitaji kuhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, urefu na unene wake haukulingana daima na mahitaji ya mgonjwa. Baya zaidi, baada ya miaka kadhaa nyingi kati yake zilichakaa, zikatanuka au kuziba. Mgonjwa aliyeokolewa leo aliweza kurudi kesho na maradhi yale yale.

3. KIJANA WA LAKE CHARLES

Michael DeBakey alizaliwa tarehe 7 Septemba 1908 katika mji wa Lake Charles, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Lebanon. Baba yake alikuwa na duka la dawa. Mama yake alikuwa hodari wa kushona, akawafundisha wasichana wa mji kazi hiyo, na mwanawe naye akajifunza kutumia sindano na cherehani. Ufundi huo wa nyumbani ulikuja kuwa na thamani ambayo hakuna aliyeitarajia.

DeBakey alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, akahitimu mwaka 1932. Angali mwanafunzi, alitengeneza pampu ya kusukumia damu. Katika pampu hiyo, magurudumu madogo hujiviringisha juu ya mrija wa mpira, yakiukandamiza na kuisukuma damu iliyomo mbele yake. Damu haigusi chuma wala valvu. Kanuni hiyo ilikuwa imejulikana tangu karne iliyotangulia. Kazi ya DeBakey ilikuwa kuirekebisha ili ifae kwa kumwongezea mgonjwa damu. Baadaye John Gibbon alitumia pampu ya namna hiyo katika mashine yake ya moyo na mapafu, ambayo mwezi Mei 1953 ilimwezesha kuziba tundu katika moyo wa mgonjwa huku moyo huo ukiwa umepumzishwa.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 DeBakey alikwenda Ulaya kujifunza kwa mabingwa wawili: René Leriche huko Strasbourg, Ufaransa, na Martin Kirschner huko Heidelberg, Ujerumani. Aliporudi Tulane alifundisha na kutafiti chini ya mwalimu wake, Alton Ochsner. Mwaka 1939 wawili hao waliandika kwamba kuongezeka kwa saratani ya mapafu kulielekea kufungamana na uvutaji wa sigara. Wakati huo rai hiyo haikupokewa kwa urahisi, kwani madaktari wengi wenyewe walikuwa wavutaji.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihudumu katika ofisi ya daktari mkuu wa jeshi la Marekani, akashiriki kubuni vikosi vya wapasuaji vilivyopelekwa karibu na uwanja wa mapambano. Mwaka 1948 aliteuliwa kuwa mkuu wa idara ya upasuaji katika Chuo cha Tiba cha Baylor, mjini Houston. Hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho wa maisha yake.

4. UZI WA HARIRI MOYONI MWA MBWA

Dalili ya kwanza ya jibu ilionekana mahali pengine. Mwaka 1947 Arthur Voorhees, mpasuaji kijana aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichunguza moyo wa mbwa aliyekuwa amefanyiwa majaribio miezi kadhaa kabla. Ndani ya ventrikali aliona uzi wa hariri uliokuwa umepita katikati ya chumba cha moyo. Uzi huo haukuwa na bonge la damu. Ulikuwa umevikwa utando laini unaong'aa, mfano wa ngozi nyororo inayoufunika moyo kwa ndani.

Wengi wangeuona uzi huo na kuutupa. Voorhees alijiuliza: ikiwa mwili waweza kuuvika uzi mmoja utando, je, hautaweza kuzivika nyuzi nyingi zilizofumwa kuwa kitambaa? Na kama ni hivyo, kitambaa kilichoshonwa kuwa mrija hakitaweza kupitisha damu bila kuigandisha?

Voorhees na wenzake walishona mirija ya kitambaa kiitwacho Vinyon-N, wakaipandikiza katika aota za mbwa. Mwaka 1952 walitoa taarifa kwamba mirija hiyo ilipitisha damu, na kwamba utando ulijengeka ndani yake. Mwaka 1954 walieleza matokeo ya kuitumia kwa binadamu. Hapo mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini haikujulikana ni kitambaa gani kitakachodumu.

5. YADI YA DACRON

DeBakey alikusudia kujaribu nailoni. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikwenda katika duka kubwa la mjini Houston kununua kitambaa hicho akaambiwa kimekwisha. Mwuzaji alimwonyesha kitambaa kipya kiitwacho Dacron, ambacho ni aina ya poliesta. DeBakey alinunua yadi moja, akaenda nacho nyumbani, akakikata na kukishona kuwa mirija kwa cherehani ya mkewe.

Simulizi hiyo hupendwa sana, na mara nyingi hukatishwa hapo, kana kwamba bahati ya dukani ndiyo iliyoleta ushindi. Bahati ilimpa kitambaa tu. Ubora wake ulijulikana baada ya mirija hiyo kupandikizwa katika wanyama na kuchunguzwa. Majaribio ya watafiti mbalimbali yalionyesha kwamba nailoni, iliyoonekana imara sana nje ya mwili, hupoteza nguvu zake ikikaa muda mrefu ndani ya mwili. Dacron ilibaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Laiti nailoni ingalipatikana siku ile na kutumiwa kwa wagonjwa pasipo kupimwa, matokeo yangalikuwa ya kusikitisha.

Mwaka 1954 DeBakey aliweka mrija wa Dacron kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa aota ya tumboni. Baadaye alishirikiana na Thomas Edman, mtaalamu wa nguo kutoka Philadelphia, kutengeneza mashine ya kufuma mirija isiyo na mshono, ikiwemo ile yenye matawi mawili mfano wa suruali. Huko Alabama, Sterling Edwards alionyesha faida ya kuukunjakunja mrija kama bomba la kinanda cha mkono, ili upindapo usijibane.

6. KWA NINI KITAMBAA HAKIVUJI?

Mwanafunzi atauliza: kitambaa kina matundu, damu isukumwapo kwa nguvu itazuiwaje isitoke? Swali hili ndilo kiini cha somo.

Mrija wa kwanza kwanza ulilowekwa katika damu ya mgonjwa mwenyewe kabla ya kushonwa. Damu iliganda ndani ya matundu ikayaziba. Baada ya upasuaji, seli za tishu zilizo jirani hupenya katika matundu, zikajenga nyuzi za kolajeni na kukishika kitambaa mahali pake. Upande wa ndani hufunikwa na utando mwembamba. Kwa hiyo matundu ambayo mshonaji wa ndoo angeyaona kuwa kasoro ndiyo yanayoufanya mrija ushikamane na mwili. Matundu yakiwa makubwa mno, mgonjwa hupoteza damu. Yakikosekana kabisa, tishu hazipati mahali pa kushika. Mrija wa plastiki usio na tundu hata moja ulikuwa umejaribiwa zamani, na damu ikaelekea kuganda ndani yake.

Mirija ya siku hizi huwa imekwisha kupakwa kolajeni au jelatini kiwandani, hivyo hailowekwi tena katika damu. Mwili huimeng'enya kinga hiyo polepole na kuweka tishu zake mahali pake.

7. KUTOKA CHUMBA CHA UPASUAJI HADI DAFTARI

Mpasuaji akimwokoa mgonjwa mmoja amefanya tendo jema, lakini bado hajathibitisha jambo. DeBakey na wenzake waliandika kumbukumbu za wagonjwa wao, wakawafuatilia mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1964 walitoa taarifa ya zaidi ya wagonjwa elfu moja waliobadilishiwa aota ya tumboni, ikionyesha hali yao mwaka 1 hadi 11 baada ya upasuaji. Taarifa ya namna hiyo ndiyo imwezeshayo daktari wa mbali kujua ni nani anayefaidika na ni nani aliye hatarini.

Uvumilivu huo waonekana pia katika kazi nyingine. Mwezi Agosti 1953 DeBakey alifungua ateri ya shingo ya mgonjwa aliyekuwa na dalili za kiharusi, akaondoa mafuta yaliyoizuia damu kwenda kwenye ubongo. Taarifa kamili ya mgonjwa huyo aliitoa mwaka 1975, baada ya kumfuatilia kwa miaka 19. Mwaka 1955 alieleza, pamoja na wenzake, upasuaji wa aota iliyochanika, na mwaka 1965 walitoa mpango wa kuigawa michaniko hiyo katika aina tatu, kufuata mahali ianziapo na iishiapo. Mpango huo ungali ukifundishwa kwa jina lake. Alishiriki pia kuanzishwa kwa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1956, kwa kuwa aliamini kwamba maarifa yaliyofungiwa kabatini hayamponyi mtu.

Hukadiriwa kwamba katika maisha yake alifanya au kushiriki upasuaji zaidi ya 60,000. Waliofanya kazi chini yake walimwogopa kwa ukali wake juu ya uzembe, lakini wengi walitoka hapo wakawa walimu na wapasuaji katika nchi mbalimbali.

8. MPASUAJI ALIPOKUWA MGONJWA

Tarehe 31 Desemba 2005 DeBakey, akiwa na umri wa miaka 97, alishikwa na maumivu makali ya kifua. Aliitambua dalili hiyo: aota ilikuwa imechanika, maradhi yale yale aliyoyachunguza kwa nusu karne. Mwanzoni hakutaka kupasuliwa. Alijua kwamba katika umri huo hatari ni kubwa, na kwamba kunusurika kwa mwili si lazima kuwe kunusurika kwa akili.

Mwezi Februari 2006 hali ilizidi kuwa mbaya na fahamu zikampotea. Mkewe alitaka apasuliwe; baadhi ya madaktari walisita, wakikumbuka kwamba mgonjwa mwenyewe alikuwa amekataa. Kamati ya maadili ya hospitali ilikutana, ikaruhusu. Kikosi kilichoongozwa na George Noon, mwenzake wa miaka mingi, kilifanya kazi kwa muda wa saa saba hivi, kikaondoa sehemu iliyoharibika na kuweka mrija wa Dacron. DeBakey alikaa hospitali miezi mingi, akapona, akarudi kazini, na akasema kwamba alifurahi kuwa walimpasua. Alifariki tarehe 11 Julai 2008, akikaribia kutimiza miaka 100.

Swali lililowakabili madaktari wale halikujibiwa na kupona kwake. Je, ni haki kumpasua mtu aliyekataa alipokuwa na fahamu? Sayansi yaweza kupima uwezekano wa kupona. Kuamua lipi lifanyike kwahitaji pia sheria, maadili na ridhaa ya mgonjwa.

9. MIPAKA YA KITAMBAA

Mrija wa Dacron wafaa katika ateri kubwa. Katika ateri nyembamba, hasa zenye kipenyo cha chini ya milimita 6, huziba kwa urahisi. Sababu moja ni ya kifizikia: mtiririko wa kioevu katika mrija hutegemea nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Njia ikipungua nusu, mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Utando usiodhuru kitu ndani ya aota waweza kuiziba kabisa ateri ya mguu chini ya goti. Ndiyo maana mpasuaji hutumia vena ya mgonjwa mwenyewe, iliyotolewa mguuni, kwa mishipa midogo.

Mpaka wa pili ni maambukizo. Bakteria wakijificha katika kitambaa ni vigumu kuwaondoa kwa dawa. Mpaka wa tatu ni uamuzi wenyewe wa kupasua. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba uvimbe wa aota ya tumboni wenye kipenyo cha sentimita 4.0 hadi 5.5 ni salama kuangaliwa kwa vipimo vya mara kwa mara, na kwamba kuupasua mapema hakukurefusha maisha ya wagonjwa. Kujua wakati wa kuuweka kisu chini ni sehemu ya elimu ya upasuaji.

Mwaka 1990 Juan Parodi, mjini Buenos Aires, Argentina, aliupitisha mrija wa Dacron uliokunjwa kutoka kwenye ateri ya paja hadi katika uvimbe wa aota, bila kulifungua tumbo. Njia hiyo sasa hutumika sana. Namna ya kuufikisha mrija imebadilika. Kanuni ya kitambaa imebaki.

MUHTASARI

Voorhees aliuona uzi akauliza swali. DeBakey alipata kitambaa, akakijaribu, akawashirikisha mafundi wa nguo, akahesabu waliopona na waliokufa. Kila hatua ilitegemea ile iliyotangulia, na hakuna hata moja ambayo ingetosha peke yake.

MAJARIBIO YA DARASANI

(i) Jaza maji katika mpira wa maabara ulio laini, ncha moja ikiwa ndani ya chombo chenye maji. Kandamiza mpira kwa chupa ya soda huku ukiiviringisha kuelekea ncha ya pili. Angalia mwendo wa maji, kisha eleza kwa nini pampu hii haihitaji maji yaguse sehemu yoyote ya chuma.

(ii) Shona mrija kwa kipande cha kitambaa cha pamba na ufunge ncha moja. Mimina maji, upime kiasi kinachovuja kwa dakika moja. Lowesha mrija katika uji mwepesi, uache ukauke, kisha pima tena. Linganisha matokeo na maelezo ya sehemu ya 6.

MASWALI

1. Taja sababu tatu zilizofanya ateri za maiti zisifae kuwa kipandikizi cha kudumu.
2. Aota ina kanieneo ya kilopaskali 20 na kipenyo cha sentimita 5. Tafuta mvuto uliomo ukutani.
3. Eleza kwa nini mrija wenye matundu hushinda mrija usio na matundu.
4. Nusu kipenyo cha ateri kikipungua kutoka milimita 3 hadi milimita 1, mtiririko hupungua mara ngapi, ikiwa mambo mengine hayabadiliki?
5. Mjadala: "Mgonjwa akikataa matibabu, daktari hana la kufanya." Toa hoja za kukubali na za kupinga.